Muvi ya kutisha yenye vichekesho, simu weka mbali mwanzoni
Jamani kama unapenda hizi muvi za kutisha ambazo pia zinavunja mbavu, usishike simu dakika zile za mwanzo, maana hapo ndo wanapotega vichekesho vyote. Cheki Shaun of the Dead ya Uingereza, 2004, jamaa anatoka kwake asubuhi anaenda dukani fresh tu, halafu baadaye anapita njia ileile mazombi washajaa mtaani, mlango wa friji una alama za viganja vya damu na yeye wala hashtuki, anabeba soda yake anasepa. Kama ile safari ya kwanza ulikuwa unachati, hii ya pili hutacheka kabisa. Na zima taa, ongeza sauti, angalieni hata watatu, inanoga mnooo.