Jinsi ya kuchagua hom thieta ambayo maneno ya sinema yatasikika

Wateja wengi wanaoniita nyumbani hawana spika mbovu. Spika zao zinatikisa hadi vioo vya dirisha, ila sinema ikianza, rimoti haitoki mkononi: wahusika wakizungumza wanaongeza sauti, bunduki zikilia wanapunguza haraka mtoto asiamke. Kosa lilifanyika dukani. Pale Kariakoo muuzaji anakuwekea muziki wenye besi nzito, kifua kinadunda, unatoa hela. Sinema, kwa sehemu kubwa, ni watu wanaoongea.

Hatua ya 1: Pima sebule kwanza

Chukua futi, pima, kisha tazama kochi lilipo. Kama limegusa ukuta, spika za nyuma utaziweka wapi? Mahali pake ni ubavuni mwa msikilizaji, zikirudi nyuma kidogo. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 4 mara nyingi namshauri mtu achukue saundiba nzuri (spika moja ndefu inayokaa chini ya televisheni) yenye spika ya katikati na sabufa yake, yaani spika ya besi, aachane na nyaya za kukanyagwa na watoto. Sakafu ya vigae na kuta tupu za saruji huleta mwangwi unaomeza maneno. Zulia na pazia zito vitakusaidia kuliko kubadilisha mashine.

Hatua ya 2: Elewa 2.1 na 5.1

Namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida, ile .1 ni sabufa. Kwenye 5.1, tatu zinakaa mbele na mbili pembeni au nyuma. Ile ya katikati mbele ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote. Watu huidharau kwa sababu ni ndogo. Mimi ndiyo ninayoikagua kwanza. Ikiwa ni kikopo cha plastiki chepesi, endelea na duka la pili.

Hatua ya 3: Usidanganywe na wati

Boksi limeandikwa "PMPO 5000W". Hiyo ni namba ya kupamba boksi. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Usipoziona, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kinachosema inatumia umeme kiasi gani. Kikisema wati 60, hakuna muujiza wa kutoa 5000. Mashine haiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko inayovuta ukutani.

Hatua ya 4: Chagua deki

Deki za DVD za Tanzania na Kenya ziko kanda namba 5, Marekani ni kanda 1. Shangazi akikutumia deki kutoka huko, diski za huku zinaweza kukataa, na hilo ni dogo. Soma kwanza kama imeandikwa 100-240V. Ikiwa ni ya 120V pekee, ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230V bila transfoma, utanusa moshi kabla hujaona picha.

Siku hizi wengi wanatumia flashi, kwa hiyo nenda dukani na ya kwako yenye sinema unazotazama. Angalia mambo mawili. Je, deki inasoma faili linalozidi GB 4? Zile zinazosoma flashi zenye mpangilio wa FAT32 peke yake haziwezi. Je, inacheza video za H.265 (njia ya kubana picha) na sauti ya DTS (aina ya sauti ya sinema)? Isipoijua DTS, picha itakuja bila sauti na utamlaumu aliyekuuzia sinema.

Hatua ya 5: Unganisha ipasavyo

Tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC kwenye televisheni na kwenye hom thieta. Waya mmoja utarudisha sauti ya televisheni na king'amuzi kwenye spika. ARC isipokuwepo, tumia waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga. Nyaya nyekundu na nyeupe ziwe chaguo la mwisho, na hapo ndipo kuna mtego uliowahi kunichelewesha saa nzima kwa mteja. Muziki wa sinema ulisikika vizuri, mvua ilisikika, watu walifungua midomo tu. Nikabadilisha nyaya, nikafungua hadi spika. Kumbe deki ilipangwa kutoa 5.1 na imeunganishwa kwa nyaya mbili tu, kwa hiyo sauti ya katikati haikuwa na pa kupita. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta Downmix (kuunganisha sauti zote ziwe mbili), chagua Stereo. Nilitoza nusu bei, kwa aibu.

Hatua ya 6: Jaribu kwa sauti ya chini

Mwambie muuzaji azime muziki. Weka tukio la watu wawili wakizungumza huku mvua inanyesha, punguza sauti, simama pembeni kidogo. Kama unalazimika kukisia neno, usilipe.

Hatua ya 7: Panga nyumbani

Spika ya katikati ielekee masikio, isifichwe ndani ya kabati. Sabufa ukiisukuma kwenye kona itavuma zaidi, lakini itafunika maneno. Kwa hiyo iweke kwanza juu ya kochi, pale unapokaa, washa kitu chenye besi, kisha piga magoti utambae ukutani ukisikiliza. Pale mdundo unaposikika safi bila kuvuma, ndipo sabufa ikae. Familia itakucheka, funga mlango.