Koti la Suti Lisilo na Suruali: Namna ya Kulifanya la Kutokea

Suruali ndiyo hufa kwanza. Hulika matakoni, huchanika msambani, au mwenyewe hunenepa, nalo koti likabaki kwenye henga zima kabisa. Kwenye mitumba nako utayakuta makoti yametundikwa pekee yao, suruali hazijulikani zilikoishia. Huku Lamu koti la namna hiyo si kioja, maana watu hulivaa juu ya kanzu Ijumaa, Idi na harusini. Kazi huanza unapotaka kulivaa na jinzi au kaki bila watu kudhani kwamba suruali ingali kwa dobi.

Hatua ya 1: Litoe juani

Usinunue vifungo wala usishike mkasi kabla hujaliangalia koti kwenye mwanga wa jua. Taa ya dukani hudanganya. Kitambaa laini kinachong'aa, cheusi tititi, au chenye mistari myembamba ya wima ni cha suti, na kitabaki cha suti hata ukikifanyia nini. Unachotafuta ni kitambaa ambacho ukipitisha kidole unahisi nyuzi zake: sufu yenye vinyweleo, kitani, au pamba nzito. Rangi iwe buluu iliyoiva, kijivu cha wastani, kahawia au kijani cha majani makavu.

Lebo ikiwa imeng'oka, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa koleo ya nyusi, uuwashe juu ya sahani ya bati. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba na kitani hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu cheusi. Kitambaa kikiwa cha mchanganyiko utaona dalili mbili pamoja. Koti la poliesta tupu mimi silihangaikii, kwa sababu joto la kaskazi, Disemba hadi Machi, litamshinda mvaaji kabla hajamaliza Usita wa Mui, njia kuu ya mjini humu.

Halafu likaguliwe mabega. Mshono wa bega ukomee pale mfupa wako unapokomea. Mikono hufupishwa na kiuno hubanwa, lakini bega likizidi vidole viwili, mwachie mwenye mwili wake.

Koti lililoshindwa hapa lisitupwe. Jeusi linalong'aa, hata lenye mistari, juu ya kanzu nyeupe na kofia ya vito, ile ya kudariziwa, hutulia vizuri sana.

Hatua ya 2: Badilisha vifungo

Ukifanya hatua moja tu, ifanye hii. Vifungo vya suti hutiwa rangi ya kitambaa ili visionekane, na ndivyo vinavyokwenda kutangaza kwamba kuna suruali iliyopotea. Kwa koti la buluu tia vya pembe vya kahawia au vya chaza vilivyofifia. Kwa la kijivu au la kahawia, vya kifuu cha nazi. Vya shaba vinavyong'aa wengi huvipenda, lakini hewa ya chumvi ya hapa huvitia kutu ya kijani, na utakuwa mtumwa wa kuvisugua.

Vya mbele huwa vya milimita 20, vya mkononi milimita 15. Pima vya zamani kwa rula kabla hujaenda dukani, kwa sababu kifungo kikubwa hakitapita kwenye tundu, na kidogo kitafunguka chenyewe.

Kata uzi wa zamani kwa wembe, ukipitisha kati ya kifungo na nguo, wembe ukiuelekeza upande wa kifungo. Ng'oa mabaki ya uzi, piga alama kwa chaki. Sasa weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo kipya, ushone mara nne au tano uzi ukipita juu ya njiti. Chomoa njiti, vuta kifungo juu, zungushia uzi chini yake mpaka usimame kama shingo, kisha funga kwa nyuma. Bila shingo hiyo kifungo hukaba kitambaa na koti linakunjamana kifuani kila unapolifunga.

Mkononi suti huwa na vifungo vinne. Ukiviacha viwili, koti linapoa mara moja. Lakini angalia kwanza: kama matundu ya bandia yameshonwa kwa uzi, ukiondoa kifungo alama itabaki. Hapo badilisha vyote vinne.

Hatua ya 3: Punguza bega, usilivue

Wateja huingia na kusema, "Fundi, nitolee padi zote." Sitoi zote. Koti lilikatwa likitegemea padi ile, ukiiondoa nzima bega hubonyea na sehemu ya juu ya mkono hufanya shimo. Fumua bitana, yaani kitambaa cha ndani ya koti, kwenye kwapa, vuta padi nje, utaona imepangwa tabaka. Bandua tabaka moja, linganisha na la upande wa pili, rudisha, shona kwa mkono. Tofauti haionekani kubwa mezani, mwilini inaonekana.

Hatua ya 4: Toa bitana ya mgongoni

Bitana ya poliesta ndiyo inayolowesha shati. Ikate kuanzia chini ya mifupa ya mabega hadi pindoni, upinde ukingo uliobaki na kuushona. Ya mikononi usiiguse, la sivyo kila ukivaa mkono wa shati utapanda hadi kiwikoni. Mishono ya mgongoni iliyobaki wazi ifunge kwa utepe wa kitambaa uliokatwa kimshazari. Hii si kazi ya mtu wa kushika sindano leo. Peleka kwa fundi.

Hatua ya 5: Pasi

Weka kitambaa chenye unyevu kati ya pasi na koti. Makoti mengi ya bei nafuu yamegundishwa ndani kwa gundi, na pasi kali huyatoa malengelenge kifuani. Hayo hayatibiki.

Hatua ya 6: Cha kuvaa nalo

Rangi ya chini iwe mbali na ya juu. Koti la buluu lipe kaki, nyeupe au rangi ya mchanga. La kijivu lipe jinzi ya buluu iliyoiva. Kijivu juu na kijivu kingine chini huonekana kama suti iliyofuliwa nusu. Shati lisiwe na tai. Fulana nyeupe isiyo na maandishi inatosha. Miguuni viatu visivyo na kamba, au makubadhi ukiwa mjini humu. Kikoi na koti ni vazi la barazani, nami nalipenda, ila usilipeleke ofisini.

Hatua ya 7: Kulitunza

Msimu wa mvua kabati hufuga ukungu. Tundika koti kwenye henga pana, lipigwe upepo kivulini kila baada ya kulivaa, na lisilale kwenye mfuko wa plastiki. Kufukiza udi kunafaa kwa sufu na pamba, chetezo kikiwa mbali kidogo. Lenye poliesta usilifukize: cheche moja hutoboa tundu, na kiraka chake kitaonekana.