Ukifika Southall na Njaa: Namna ya Kuingia Gurdwara kwa Adabu

Wanangu wa Tanga mnaokwenda Uingereza kusoma au kutunza wazee, wengi mnapita kwangu Ngamiani kuaga, na swali lenu kubwa ni chakula. Nimekaa kule kwa binti yangu, basi nawaambia: tafuteni gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga. Ni hao hao Makalasinga ambao babu zao walikuja Afrika Mashariki kwa useremala, uhunzi na kazi za reli. Miaka ya 1960 na 1970 wengi walihamia Uingereza.

Gurdwara ya kwanza ya London ilifunguliwa Putney mwaka 1911, kisha ikahamia Shepherd's Bush. Mimi niliyoizoea ni ile kubwa ya Havelock Road, Southall, mtaa wa magharibi mwa London, iliyofunguliwa 2003. Shuka stesheni ya Southall, utaona hata jina la stesheni limeandikwa kwa Kipunjabi pia, kisha ulizia lile jengo lenye kuba la dhahabu. Katika mji mwingine wowote, angalia mlingoti mrefu uliovikwa nguo toka chini hadi juu, kileleni bendera ya pembetatu.

Sigara, ugoro na tambuu yenye tumbaku viache nyumbani. Umekunywa? Usiende. Kichwa kifunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Mtandio au upande wa leso unatosha. Kapelo haipendezi, na mlangoni huwa kuna vitambaa vya wageni. Vua viatu, nawa mikono. Soksi iwe nzima, tafadhali.

Ukumbini, kitabu chao, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1430, kimewekwa juu ya jukwaa lenye paa la kitambaa. Wenyewe hukiinamia mpaka paji la uso liguse chini. Wewe Mwislamu au Mkristo hulazimishwi: simama kidogo kwa heshima, kisha kaa kwenye zulia. Kunja miguu, usiinyooshe kuelekea kitabu. Huimba kwa kinanda na tabla, na aliyelelewa na taarabu hachoki upesi. Watapita wakigawa karah prashad, unga wa ngano uliopikwa kwa samli na sukari. Pokea kwa viganja viwili, au kama dini yako inakuzuia kataa kwa upole. Hawanuni.

Sasa chakula, kinachoitwa langar. Ni desturi tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyefariki 1539: tajiri na fukara wakae safu moja, wale kitu kimoja. Mnaketi chini kama kwenye maulidi. Huletwa dengu, mboga, wali, mtindi na chapati. Nyama, samaki na mayai hakuna, kwa hiyo wasiwasi wa kuchinja uondoe. Haulizwi mtu dini yake wala senti. Chapati ipokee kwa mikono miwili, na uchukue kidogo kidogo, maana wagawaji watarudi tena. Kubakiza ni aibu.

Lakini sitaki kusikia mtoto wa Tanga anakula kila Jumapili, anajifuta mdomo na kuondoka. Kupika, kugawa na kufagia ni kazi ya kujitolea, wanaiita seva. Omba kuosha masinia au kusukuma chapati, na wavulana nanyi msukume. Pale kwenye masinia ndipo utasikia habari za chumba cha kupanga. Usishangae mzee mwenye kilemba akikusahihisha kwa Kiswahili, mimi niliambiwa, "Mama, punguza sabuni." Mwamkie shikamoo, wengine walizaliwa huku kwetu.

Ukiona mtu ana kijambia kiunoni usikimbie. Ni kirpan, alama ya dini yao, na sheria ya Uingereza inakiruhusu.

Mwezi Aprili ni sikukuu ya Vaisakhi. Maandamano hujaa barabarani na chakula hugawiwa njiani bure. Siku hiyo basi litachelewa, nenda kwa treni.