Visu vya kale vya kukunja: soma msuka, kisha uulize mwili

Mnunuzi mgeni hushika kisu cha kale, akasoma jina lililogongwa kwenye chuma, akafurahi, akalipa. Jina ni mwanzo tu. Bapa, springi, pini na mashavu ya mpini (vipande vinavyofunika pande zake mbili) vyote vina umri wake, na visipokubaliana na jina, kisu kimechezewa. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya kulinganisha, pamoja na utunzaji, kwa sababu kisu kizuri kinaweza kuharibika ndani ya droo bila mtu kukigusa.

Visu tunavyovizungumzia ni vya springi visivyo na kufuli: springi ya mgongoni hulibana bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa. Vilitengenezwa kwa wingi Sheffield huko Uingereza, Solingen huko Ujerumani, Thiers huko Ufaransa, na katika majimbo ya New York, Connecticut na Pennsylvania huko Marekani. Usianze na vyote. Chagua mtengenezaji mmoja, au umbo moja, mpaka macho yako yazoee. Vifaa vya kuanzia ni vichache: lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, tochi ndogo, kalipa, vijiti vya meno vya mbao, kitambaa cha pamba na mafuta ya cherehani.

Msuka unasema nini

Fungua bapa kubwa taratibu, kisha tazama msuka, yaani ule mguu wa bapa unaoingia kwenye mpini. Hapo ndipo jina, namba na nchi hugongwa. Tazama pande zote mbili, na mabapa yote.

Anza na neno la nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iitwayo McKinley, ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe zinakotoka, na utekelezaji wake ulianza 1891. Kwa hiyo kisu cha Sheffield chenye neno "England" kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Usigeuze kanuni hiyo: kisu kisicho na neno hilo si lazima kiwe cha zamani zaidi, maana vingine havikukusudiwa soko la Marekani. Kipimo kingine ni chuma chenyewe. Chuma kisichoshika kutu kilianza kutumika kwa visu baada ya kazi ya Harry Brearley mjini Sheffield mwaka 1913. Ukiambiwa kisu ni cha enzi ya Malkia Victoria, na bapa lina neno "Stainless", ama bapa limebadilishwa ama maelezo ni ya uongo.

Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield waligonga nyota na msalaba wa Malta, na mara nyingi herufi za mfalme aliyetawala. V R ni Victoria, 1837 hadi 1901. E R kwa kawaida ni Edward VII, 1901 hadi 1910. G R ndiyo inayopotosha watu, kwa kuwa yaweza kuwa George V au George VI wa karne ya 20, lakini pia George IV aliyefariki 1830. Hapo herufi haziamui kitu. Tafuta neno la nchi na aina ya chuma, kisha ukague mashavu.

Kwa mwanafunzi, hakuna shule nzuri kuliko visu vya kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, kwa sababu alama zake zinahesabika. "Case Tested XX" ni ya 1920 hadi 1940. "Case XX" peke yake inafika 1964. "Case XX U.S.A." ni 1965 hadi 1969. Mwaka 1970 waliweka nukta kumi chini ya jina, wakaondoa moja kila mwaka, hivyo nukta tatu ni 1977 na nukta moja ni 1979. Mwaka 1980 nukta zilirudi kumi, safari hii pamoja na herufi S yenye umbo la radi.

Namba ya Case nayo husomeka. Chukua 6254: tarakimu ya kwanza ni mpini, ya pili ni idadi ya mabapa, zilizobaki ni umbo. 6 ni mfupa au plastiki iliyochongwa kama mfupa, 5 ni pembe ya kulungu, 3 ni plastiki ya njano. Ukikuta 5254 yenye mashavu ya njano, mashavu si yake, au bapa limetoka kwenye kisu kingine.

Visu vya jeshi la Uingereza vya Vita Kuu ya Pili ni rahisi zaidi kuvipa umri, kwani vingi vimegongwa mshale mpana wa serikali na mwaka wenyewe. Familia yenye babu aliyetumikia KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, ina sababu ya kufungua sanduku lake la zamani kabla ya kutafuta mnadani.

Mwili unajibu nini

Kagua kisu kikiwa kimefungwa kwanza. Ncha ya bapa lazima ijifiche kati ya mabati ya ndani, yaani vibati vyembamba vilivyo chini ya mashavu. Ikichomoza, bapa limenolewa kupita kiasi: kila linaponolewa, makali hurudi kuelekea mgongoni na ncha hupanda. Wauzaji wengine huificha kwa kupiga tupa kile kinundu cha msuka kinacholizuia bapa lisizame. Ncha huzama kweli, lakini makali sasa yanagonga springi kila kisu kinapofungwa. Mulika tochi ndani: alama ndogo kwenye springi chini ya makali, pamoja na kinundu chenye mikwaruzo mipya, vinaeleza kilichofanyika.

Fungua bapa. Mfuo wa ukucha, yaani kile kijifereji cha kufungulia bapa kwa ukucha, haubadiliki mahali, hata chuma kikiliwa, kwa hiyo ndio rula yako: kadiri makali yanavyoukaribia, ndivyo bapa lilivyopungua. Pima upana kwa kalipa, ulinganishe na kisu kisichotumika cha namba ileile. Wakusanyaji wa Marekani hukiita kisu "excellent" kikiwa kimepoteza takriban asilimia 10 ya bapa, "very good" kwa asilimia 25 hivi, "fair" kwa nusu. "Mint" ni kisu ambacho hakijawahi kunolewa wala kubebwa. Kisu kilichong'arishwa kwa mashine kikapendeza hakirudi kuwa mint. Mashine hula pembe za chuma na kuzifanya zilainike kama sabuni iliyotumika, nawe utaziona kwenye kingo za mfuo na za herufi.

Springi nzuri hulivuta bapa kwa nguvu na hulifunga kwa mlio mkali. Bapa likiwa wazi, mgongo wa springi uwe sawa na mabati. Chunguza ufa mahali pini ya katikati inapopita. Bapa likicheza kidogo kushoto na kulia linavumilika katika kisu cha miaka 100, na ni afadhali liachwe hivyo kuliko mtu agonge pini kwa nyundo na kupasua mashavu.

Kwenye vyuma vya miisho ya mpini, vichwa vya pini za kiwandani vilisagwa hadi vikapotelea. Ukiona duara wazi lenye rangi tofauti, kisu kimewahi kufunguliwa. Pengine ni fundi mwaminifu aliyebadilisha springi. Bei ishuke hata hivyo.

Alama ya kughushi hukamatwa kwa lenzi. Alama halisi iligongwa chuma kikiwa bado laini, kabla ya kukazwa kwa moto, hivyo herufi zina kina na kingo safi. Ya kughushi iliyochorwa kwa tindikali ina sakafu yenye chengachenga na kingo zilizolika. Tena, msuka uliong'arishwa kuliko bapa zima ni dalili kwamba jina la kwanza limefutwa. Ongeza tahadhari kwa visu vya Remington vyenye kigao cha umbo la risasi kwenye mpini: kampuni ilitengeneza visu kati ya 1920 na 1940, kisha kisu chake namba R1123 kikatolewa upya 1982, na tofauti ya bei kati ya kile cha kale na kile kilichotolewa upya inawatamanisha walaghai.

Mashavu

Mfupa ukiukuza unaonyesha vitundu vidogo vyeusi, maana ulikuwa hai. Plastiki haina. Usitumie ile mbinu ya sindano ya moto: inaacha tundu la kudumu, na seluloidi hushika moto upesi.

Seluloidi yenyewe ndiyo adui asiyetarajiwa. Ni plastiki ya zamani, mara nyingi yenye rangi za kupendeza, na ikizeeka huanza kuoza na kutoa mvuke wa tindikali. Mvuke huo huozesha bapa la kisu hichohicho na vya jirani. Dalili ni harufu kali, vipasuko vidogo kama fuwele, ukungu wa kijani kwenye mabati ya shaba, na kutu inayoanzia sehemu ya bapa inayolala ndani ya mpini. Kisu cha seluloidi kikae peke yake, mahali penye hewa, kamwe si ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Pembe za ndovu na gamba la ng'amba visikuvutie hata bei ikiwa nzuri. Kuvivusha mpakani ni kesi, na nchini Kenya hata kumiliki nyara ya wanyamapori bila kibali ni kosa.

Kusafisha na kuhifadhi

Kusafisha kunaishia pale kutu nyekundu inapokwisha. Weusi na ukijivu wa bapa ni rangi ya uzee, uache. Toa uchafu kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa mafuta ya cherehani, weka tone moja kwenye kila kiungo, fungua na kufunga mara kumi, pangusa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Msasa usiukaribishe. Usiloweke kisu kwenye maji wala mafuta ya taa, kwani mfupa hunyonya na kubadilika rangi. Mafuta ya nazi na ya kupikia huganda na kunata, na springi hukwama.

Mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Pangusa bapa kwa utando mwembamba wa mafuta kila mwezi, na kila wiki mbili wakati wa masika. Usihifadhi kwenye ala ya ngozi: dawa za kulainishia ngozi zina asidi, na shaba huota kijani. Kisanduku cha mbao kilichotandikwa kitambaa safi cha pamba, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa vikijaa, kinatosha.

Kila kisu kiwe na kadi yake: alama ya msuka neno kwa neno, urefu kikiwa kimefungwa kwa milimita, upana wa bapa, kasoro zote, bei, na tarehe ya kukipata. Piga picha za pande zote mbili siku hiyohiyo, msuka ukiwa karibu, ili kutu mpya ikitokea uweze kuitofautisha na ile uliyoinunua.