Kuiona kalsiamu ikiruka ndani ya seli hai kwa rangi ya Fluo-4

Homoni ikigusa seli kwa nje, mara nyingi kalsiamu ndiyo inayobeba habari ndani. Seli iliyotulia ina kama nanomola 100 tu (kipimo cha ukolezi) za kalsiamu. Nje yake kalsiamu ni karibu mara 10,000 ya hiyo. Mlango ukifunguka kidogo, inamiminika. Rangi ya Fluo-4 huwaka ikiishika kalsiamu hiyo.

Hatua ya 1. Toa kichupa cha rangi kwenye friza, usikifungue. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, na hewa ya Unguja haina huruma. Rangi yenyewe ina chaji hasi, haipiti kwenye utando wa mafuta unaoizunguka seli. Mwaka 1981 Roger Tsien alionyesha njia: zifunike chaji kwa esta (vikundi vya kemikali visivyo na chaji), rangi ipenye yenyewe, kisha vimeng'enya vya ndani vizikate esta na rangi inaswe humo humo. Ila maji nayo hukata esta. Ukifungua kichupa cha baridi wakati wa masika, unyevu unaingia na rangi inavuliwa nguo kabla haijafika mlangoni. Nimewahi kupoteza kichupa kizima hivyo. Seli zilikuwa giza kama Forodhani umeme ukikatika, na kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hizi zi hai kweli?" Zilikuwa hai. Ngoja jasho la kichupa likauke kabisa, ndipo ufungue na kugawa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha siku moja.

Hatua ya 2. Zipe seli mikromola 2 za rangi pamoja na Pluronic F-127 kidogo (sabuni laini inayosaidia rangi kusambaa majini), dakika 30, gizani, joto la chumba. Usipeleke nyuzi 37 kwa haraka zako. Rangi itajificha kwenye vifuko vya ndani.

Hatua ya 3. Osha, subiri dakika 30 nyingine vimeng'enya vimalize kazi.

Hatua ya 4. Angaza kwa nanomita 488, tazama kijani. Rekodi dakika moja bila kugusa kitu. Kisha tone la bafa tupu (maji ya chumvi yasiyo na dawa), taratibu, ukingoni mwa sahani, maana seli nyingi hushtuka kwa kumwagiwa tu. Zikitulia, weka ATP, molekuli ambayo seli huipokea nje kama ishara; HeLa, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, huitikia ndani ya sekunde chache. Mwisho tia ayonomaisini, inayoingiza kalsiamu kwa nguvu. Hapo seli zikibaki giza, usizilaumu: rudi kwenye kichupa.