Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Likizo au Kuacha Kazi

Haya ninayoyaandika yanamhusu mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara, anayelindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Aliyeko Zanzibar ana sheria yake ya mwaka 2005, na mtumishi wa umma ana taratibu zake nyingine. Kwanza kabisa, usome mkataba wako wote, ukurasa kwa ukurasa, na uusome leo ukiwa umetulia. Kama hukupewa nakala, iombe kwa maandishi.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zimo ndani ya hesabu hiyo. Mwajiri ndiye anayepanga utakwenda lini, lakini hawezi kuisogeza mbele apendavyo: anatakiwa akupe ndani ya miezi 6 tangu mzunguko wa likizo, yaani miezi 12 ya kazi, ulipokwisha, au ndani ya miezi 12 iwapo wewe mwenyewe umeridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu hivyo. Usilimbikize likizo ukidhani unajiwekea akiba. Likizo iliyopitiliza muda huo bila kuchukuliwa unaweza kunyimwa malipo yake siku ya kuondoka, na wengi hulitambua hilo wakiwa tayari mezani kwa mhasibu. Kwa hiyo omba kila mwaka, kwa maandishi, na ukikataliwa, omba kukataliwa huko nako kuandikwe. Siku za dharura ulizoomba mwenyewe zinaweza kukatwa kwenye zile 28; siku za msiba wa mzazi, mwenza, mtoto au ndugu uliyezaliwa naye zina fungu lake kisheria, usikubali zichanganywe.

Msimamizi akikuambia "wewe nenda tu, tumeshaelewana", usiondoke mpaka fomu iwe imesainiwa. Kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 za kazi ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na siku ya kujieleza huyo aliyekuruhusu kwa mdomo anaweza asikumbuke.

Ukiugua, peleka karatasi ya daktari mapema na ubaki na nakala. Sheria inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mjamzito anatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Likizo yake ni siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100.

Ukiamua kuondoka mwenyewe, toa notisi ya maandishi yenye sababu na tarehe. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba wake unataka zaidi. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo, na sharti hilo linambana mwajiri kama linavyokubana wewe. Ukisusa kufanya kazi katika siku za notisi, mwajiri ana haki ya kukata thamani ya siku hizo kwenye fedha anazopaswa kukulipa, kwa hiyo vumilia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mfanyakazi alijue hata kama atayasahau mengine yote. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu umeambiwa uiandike.

Nilifanya kazi na dada mmoja, mtunza ghala, mtu makini ambaye daftari lake la kupokea mizigo halikuwa na mstari uliorukwa. Alikuwa na miaka 6 kazini. Aliporudi kutoka likizo ya ugonjwa aliitwa ofisini mchana, akakuta karatasi nyeupe na kalamu vimewekwa upande wake wa meza. Afisa utumishi akamwambia kwa upole kabisa, "Dada, kampuni inapunguza watu. Ukiandika mwenyewe utaondoka vizuri na tutakupa barua ya kukusifia; ukikataa, tutaandika sisi, na unajua waajiri wanavyoulizana." Hakupewa muda wa kumpigia mtu simu. Aliandika mistari minne huku akisomewa maneno, akasaini, akatoka akilia kimya, na sisi tuliokuwa tunapakia mzigo tukadhani amepata taarifa ya msiba.

Barua ile ndiyo iliyomwangusha. Kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapokuachisha kazi, hakilipwi kwa anayeacha kwa hiari. Siku zake 42 zikapotea. Fao la kukosa ajira la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, nalo halikutengwa kwa ajili ya aliyejiuzulu. Zaidi ya hapo, mfanyakazi akiachishwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa halali. Mwenye barua ya kujiuzulu, iliyo kwa mwandiko wake, ndiye anayebaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba alilazimishwa, na dada yule hakuwa na shahidi hata mmoja aliyekuwemo ndani ya chumba kile.

Hata hivyo alikuwa bado na mlango. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hadi mtu akajiuzulu, na hilo huhesabika kama kuachishwa. Lakini mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Yeye aliambiwa asubiri malipo "mwisho wa mwezi", akasubiri. Akaambiwa mhasibu amesafiri, akasubiri tena. Alipofika Tume, muda ulikuwa umepita, ikabidi kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza sababu za kila siku aliyochelewa, na ahadi za mdomo hazikuwa na karatasi.

Kwa hiyo ukiwekewa kalamu mbele yako, sema unahitaji kwenda kushauriana na chama cha wafanyakazi au mwanasheria, kisha utoke. Usisaini karatasi isiyo na tarehe, wala inayosema umeshalipwa kila kitu ilhali hujapokea. Jioni hiyo hiyo andika nani alisema nini na saa ngapi, na uanze kuhesabu siku 30 hata kama mnaendelea kuzungumza.

Unapoondoka, kwa njia yoyote ile, dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo yako, na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako hata mkiachana kwa ugomvi. Aliyeachishwa mbali na mahali alipoajiriwa adai pia usafiri wa kurudi huko na posho ya kujikimu anapousubiri. Angalia michango yako ya NSSF kabla ya siku ya mwisho, maana wakati mwingine makato huonekana kwenye hati ya mshahara bila kufika kwenye mfuko. Rudisha funguo, kitambulisho na vifaa kwa fomu ya makabidhiano iliyosainiwa na pande zote mbili. Nakala za mkataba, hati za mshahara na barua za likizo zihifadhi nyumbani, zisibaki kwenye droo wala kwenye kompyuta ya ofisi, na usiache hata moja kwa kudhani kwamba utairudia kesho.