Kitalu nyumba cha shimo kwa mkulima wa nyanda za baridi

Mkulima wa Makete au Njombe anaijua Juni na Julai. Jioni viazi vimesimama vizuri shambani, asubuhi majani yameungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Hata pale ambapo sakitu haikufika, nyanya hutoa maua na maua yanadondoka, kwa sababu joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 13 hivi uchavushaji unaharibika. Kitalu nyumba cha kawaida cha nailoni husaidia mchana, lakini usiku hupoa upesi. Njia moja ya kukabiliana na hali hiyo ni kukishusha kitalu ardhini.

Udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukishachimba zaidi ya nusu mita, tofauti ya mchana na usiku karibu haipo tena. Kuta za shimo hunywa jua la mchana na kulirudisha usiku. Wakulima wa nyanda za juu za Bolivia, karibu na La Paz, ambako ni juu na baridi kuliko uwanda wetu wa Kitulo, hulima mboga katika mashimo ya namna hii yaliyoezekwa nailoni. Wao huyaita walipini.

Niseme mapema: kabichi na sukuma wiki havihitaji gharama hii, vinavumilia baridi nje. Shimo ni la nyanya, hoho na kukuzia miche.

Kazi huanza kwa kuchagua mahali, na hapa ndipo wengi wataharibikiwa. Usichimbe kwenye vinyungu wala bonde lolote lenye unyevu. Wakati wa masika chimba kwanza kishimo cha majaribio, kipite kina cha kitalu unachotaka kwa mita 1.5. Kikijaa maji kutoka chini, hama. Kwenye mteremko kidogo wenye udongo wa mfinyanzi mgumu ndipo pazuri. Udongo wa kichanga uache, kuta zake hazisimami.

Kwa mkulima mdogo kina cha mita 1.2 kinatosha. Ukienda zaidi ya hapo, hatari inaongezeka haraka kuliko faida. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukuta ukiporomoka haukupi nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo kuta zilale kidogo, juu pawe papana kuliko chini kwa sentimita 30 kila upande, na kifusi kiwekwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mtu asichimbe peke yake, na watoto wasicheze shimoni kabla halijamalizika.

Wakati wa kuchimba, tenga udongo wa juu. Ule mweusi wa sentimita 30 za kwanza ndio utakaourudisha kwenye matuta pamoja na samadi iliyoiva au mboji. Udongo wa chini hauna rutuba ya kukuza nyanya. Udongo wa Nyanda za Juu Kusini pia mara nyingi una tindikali, hivyo pima kabla ya kununua chokaa ya kuipunguza. Afisa ugani wako atakuelekeza namna ya kuchukua sampuli.

Sasa mwelekeo. Mwezi Juni jua liko kaskazini yetu. Kwa Njombe, saa 6 mchana linakuwa limeinamia kaskazini kwa nyuzi 32 hivi kutoka utosini. Shimo basi lirefuke mashariki hadi magharibi, na paa liinamie kaskazini: ukuta wa kusini uinuliwe kwa kifusi kilichoshindiliwa vizuri, upande wa kaskazini paa lianzie karibu na usawa wa ardhi. Ukingo huo wa kaskazini utatupa kivuli cha sentimita 75 hivi ndani ya shimo la mita 1.2. Usipande pale, pafanye njia ya kupita. Matuta yakae upande wa kusini, na ukuta wa nyuma upake chokaa nyeupe ili mwanga urudi kwenye majani. Mkulima wa Kinangop, Kenya, ambako sakitu huja zaidi Januari na Februari, ageuze paa litazame kusini.

Kwa paa tumia mirunda iliyotiwa dawa na nailoni ya vitalu inayostahimili jua, ile ya maikroni 200. Nailoni ya kawaida ya dukani hupasuka mapema.

Maji ya mvua ndiyo adui mkubwa. Paa linaloteremkia kaskazini litamwaga maji ukingoni kabisa, na yataingia shimoni. Weka mfereji wa paa, kisha mtaro wa ardhini kuzunguka shimo lote, uchimbwe kabla ya nailoni kupanda juu. Paa linalofunika mita 4 kwa 8 hukusanya karibu lita 640 mvua ya milimita 20 ikinyesha, kwa hiyo yaelekeze kwenye pipa au simtanki. Mapipa meusi yaliyojaa maji ukiyapanga ndani upande wa kusini, nayo yatahifadhi joto la usiku.

Adui wa pili ni hewa isiyozunguka. Ingia asubuhi uangalie nailoni kwa ndani: matone yamejipanga kwenye kila kiungo cha fito, yanadondokea majani yale yale kila siku. Hapo ndipo ugonjwa wa bakajani chelewa huanzia, madoa ya kijani yanayoonekana kama yamelowa maji kwenye ncha za majani. Weka dirisha la juu upande wa kusini na mlango chini upande wa pili, ufungue saa 3 asubuhi, ufunge saa 10 alasiri kabla joto halijatoka. Mwagilia asubuhi tu, chini ya shina. Miche ikianza kuanguka kwa kinyausi, punguza maji kabla hujafikiria dawa. Nyanya zikichanua, tikisa mchana kamba zilizofungiwa mashina, maana upepo na nyuki hawafiki vya kutosha.

Usiingize jiko la mkaa shimoni kuongeza joto, hata usiku mmoja. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu anaweza kufa ndani. Ukipuliza dawa pia, fungua kila kitu, vaa barakoa ya dawa, na usirudi mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite.

Nyanya, hoho, bilinganya na viazi ni ukoo mmoja. Usivifuatanishe kwenye tuta lilelile, hasa ukiwahi kuona mnyauko bakteria. Kati ya Novemba na Aprili unyevu ni mwingi, kwa hiyo wakati huo tumia kitalu kwa miche ya kitunguu au mchicha, osha nailoni kwa maji na sabuni, zibua mitaro, na kagua kuta kila baada ya mvua kubwa. Ufa ulio sambamba na ukingo ni ishara ya kutoa watu nje na kuupunguza ukuta ule.